TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 13: Paka analia usiku, nawe umefunga



Ndugu zangu, leo nilipanga tuendelee na mada ya zaka. Nimeisogeza mpaka kesho kutwa, mnisamehe. Kuna jambo limenikalia kichwani tangu juzi, na naona nikiliacha lipite nitakuwa nimewaficha kitu.

Juzi usiku baada ya tarawehe niliingia kwenye simu nikakuta ujumbe wa dada mmoja wa hapa hapa kwetu Mbalibali. Jina lake si lazima. Alianza kwa kuomba samahani: “Ustadh, swali langu ni la ajabu, usinicheke.” Kisha akaeleza. Wana paka jike, wanaye mwaka wa tatu sasa, walimchukua kwa ajili ya panya wa ghalani. Tangu siku za mwanzo za Ramadhani paka huyo analia usiku. Si kilio cha kawaida, anazunguka nyumba nzima, anaingia uvunguni, anatoka nje, anarudi mlangoni, analia mpaka saa za daku. Mume hapati usingizi. Mama mkwe anasema paka akilia hivyo anaita kifo, na ndani kuna mgonjwa. Mwisho akaandika: “Mume wangu ameshaleta gunia. Anasema kesho anampeleka mbali, ng’ambo ya mto. Je, ni dhambi?”

Jibu nilikuwa nalo. Yeyote aliyesoma madrasa anajua hadithi ya mwanamke na paka. Ningeweza kuiandika kwa dakika mbili, nikamtumia, nikalala. Lakini mkono ulikataa, na sababu yake nitaisema mbele. Nikamwandikia tu: mwambie shemeji asubiri, kesho baada ya alasiri nakuja.

Nikaenda.

Sasa kabla ya kumlaumu huyu bwana, msikilizeni kwanza. Ni dereva wa bodaboda. Anaamka daku, anaswali alfajiri, anaingia barabarani. Anabeba abiria kwenda Mugumu na kurudi kwenye vumbi na jua, na amefunga. Anarudi karibu na magharibi. Anafuturu, anaswali, anaingia tarawehe, anajilaza saa nne. Saa tano paka anaanza. Aliniambia: “Ustadh, Alhamisi nilisinzia kwenye pikipiki. Nilishtuka ndama yuko mbele yangu. Nyuma nilikuwa nimebeba mama na mtoto.” Alikuwa anasema huku anaangalia chini. Huyu si mtu katili, ni mtu aliyechoka. Na dini yetu haisemi uchovu wake ni kitu cha kudharau. Mtume (S.A.W.) alimkumbusha swahaba aliyezidisha ibada kwamba mwili nao una haki juu yake. Kwa hiyo mwenzako akikwambia halali kwa ajili ya paka, usimjibu kwa hadithi ya mwanamke wa motoni peke yake, halafu ukaondoka ukajiona umemaliza kazi. Tatizo lake la usingizi liko pale pale.

Nilimsalimia mama mkwe, akaitikia, tukakaa. Yeye hakuzunguka: “Mwanangu, huyu paka anaita. Mwaka ule baba yao alipofariki, paka alilia hivi hivi siku tatu.”

Nikamwambia, “Pole mama. Na ile miaka ambayo paka walilia na hakufa mtu, uliihesabu?”

Akanyamaza kidogo. Kisha akacheka, “Hiyo nani ataihesabu, mwanangu? Paka wanalia kila siku.”

Ndiyo hivyo, ndugu zangu. Tunahesabu mara moja iliyolingana na msiba, tunasahau mara mia zisizolingana na chochote. Usiku wa huku kwetu una sauti nyingi. Fisi analia, bundi analia, mbwa wa jirani wanajibizana mpaka asubuhi. Kila sauti tumeitengenezea maana yake. Wazee wetu tunawaheshimu, lakini kwenye hili Mtume (S.A.W.) alikata: hakuna mkosi unaoletwa na ndege wala mnyama. Ajali iko mikononi mwa Allah (S.W.T.), haikuwekwa kooni mwa paka. Zipo hadithi zinazotufundisha kujikinga kwa Allah tunaposikia punda au mbwa wanalia usiku, na kumuomba fadhila zake tunaposikia jogoo. Katika hadithi hizo paka hakutajwa. Na hata hao waliotajwa, tulichofundishwa ni dua. Hatukuambiwa tuokote mawe. Wale vijana wetu wanaowinda paka kwa manati nyuma ya msikiti, kisha wanaingia kuswali tarawehe, nawaona. Nitaongea na nyie ana kwa ana.

Turudi kwa paka.

Nilimuuliza dada, “Huyu anakula nini, na saa ngapi?” Akasema zamani mchana akisonga ugali anamkatia tonge na vichwa vya dagaa. Usiku anapata mabaki kidogo, lakini chakula chake hasa kilikuwa cha mchana. Nikamuuliza, “Na sasa?” Akaniangalia. Akashika mdomo. “Sasa mchana hatupiki, Ustadh.”

Mmeona? Nyumba nzima imefunga, na paka amefungishwa bila kuulizwa. Hana nia, hana thawabu ya swaumu, hajui kama mwezi umeandama. Anachojua ni kwamba saa saba mchana sahani yake imekauka, na jikoni hakuna moshi. Halafu usiku watu wanakula mara mbili, mlango wa jiko umefungwa, harufu ya samaki inamfikia, yeye yuko nje. Wewe ungenyamaza? Sisi wenyewe ikifika saa kumi na moja jioni hatusemeshani vizuri, na tunajua kabisa kwamba futari iko njiani.

Hapa ndipo ile hadithi ya mwanamke inapotugusa, na naomba tuisome vizuri, maana wengi tunaikumbuka nusu. Imepokewa na Ibn Umar (R.A.) na iko katika Bukhari na Muslim, na Abu Hurayra (R.A.) naye ameipokea. Mwanamke yule aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Kosa lenyewe limeelezwa kwa pande mbili: hakumlisha alipomfungia, wala hakumwachia ajitafutie wadudu na vijidudu vya ardhini. Zote mbili hakuzifanya. Kwa hiyo Uislamu haukutubebesha mzigo mkubwa. Hujaambiwa umnunulie paka nyama. Umeambiwa, kama umemweka ndani ya mamlaka yako, mpe. Kama humpi, usimzuie. Sasa nyumba inayomfungia paka ghalani usiku ili akamate panya, bila maji, bila chakula, ikitegemea kwamba panya watatosha, ijiulize yenyewe. Siku ambayo panya hawakupita alikula nini?

Mnajua Abu Hurayra maana yake nini? Baba wa kipaka. Kijana wa Daws, kutoka Yemen, alikuwa akichunga mbuzi wa kwao na alikuwa na kipaka chake. Imepokewa kwamba usiku alikuwa akikipandisha mtini, na asubuhi anakwenda nacho kucheza. Watu wakampa jina hilo na likashika kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Mtu aliyefikisha kwetu maelfu ya hadithi tunamwita mpaka leo kwa jina la paka. Na ndiye huyo huyo aliyepokea onyo la mwanamke na paka. Napenda kufikiri kwamba aliposikia maneno yale aliyasikia kwa moyo tofauti na wengine, lakini hilo ni langu tu, wala sina dalili.

Basi nikadhani tumemaliza: njaa. Nikamwambia dada, hata kama mmefunga, mchana mtengenezee chakula chake. Watoto wadogo wasiofunga si mnawapikia uji? Weka kitu pembeni. Na maji, jua lenyewe hili.

Lakini nilipokuwa nafungua mdomo kuaga, paka mwenyewe akaja. Wa kijivu, mwembamba. Akapita miguuni mwangu bila kunitazama, akaenda moja kwa moja kwenye kona nyuma ya mlango, pale palipokuwa na ndoo. Akainusa sakafu. Akalia mara mbili. Akatoka. Baada ya dakika chache akarudi, kona ile ile.

Nikauliza, “Hapa palikuwa na nini?”

Hakuna aliyejibu. Kisha kijana wao, ana kama miaka kumi, akasema kwa sauti ya chini: “Watoto wake.”

Walikuwa watatu. Siku ya mwisho ya Shaaban nyumba ilifanyiwa usafi wa kupokea Ramadhani, na baba akamwambia kijana awapeleke mahali. Walikuwa wameanza kulamba uji, kwa hiyo wakaonekana wakubwa. Kijana akawatia kwenye boksi la sabuni, akawaacha karibu na mashine ya kusaga, akitumaini wenye mahindi watawachukua. Mama yao siku hiyo alikuwa ghalani.

Bwana wa nyumba aligeuka akamtazama mtoto, halafu akajitazama mwenyewe. Nadhani alishasahau kabisa. Unajua mtu mwenye shughuli nyingi, anasema neno moja asubuhi, mwingine analibeba siku kumi na mbili. Hapa aliyelibeba ni paka.

Ndugu yangu unayesoma, hapo ndipo nilipokaa tena chini, nikawasimulia ile safari ya maswahaba. Ameipokea Ibn Mas’ud (R.A.), na Abu Dawud ameitaja. Walikuwa safarini na Mtume (S.A.W.), akaondoka kidogo kwa haja yake. Wakaona ndege mdogo mwenye makinda mawili, wakayachukua yale makinda. Mama yao akaja akawa anapiga mbawa juu yao. Mtume (S.A.W.) aliporudi akamwona. Akauliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa watoto wake, akaamuru warudishiwe.

Tazama lile swali. Ndege alikuwa anapiga kelele, na kelele ile ilionekana. Angeweza mtu kusema ndege huyu anasumbua, mfukuzeni. Mtume (S.A.W.) hakuuliza habari ya kelele. Aliuliza nani kafanya. Ni vile vile kwa yule ngamia wa Madina, katika hadithi ya Abdullah bin Ja’far (R.A.). Aliingia kwenye shamba la Ansari mmoja, ngamia alipomwona akanguruma na machozi yakamtoka. Akamwendea, akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia. Halafu? Akauliza: huyu ngamia ni wa nani? Kijana wa Kiansari akasema ni wangu. Akamwonya amche Allah juu ya mnyama aliyemmilikishwa, kwani ngamia amemshitakia kwamba anamlaza njaa na kumchosha kwa kazi.

Ngamia alilia, aliyeitwa kujibu ni mwenye ngamia.

Mimi nimezisoma hadithi hizi tangu nikiwa kijana. Nimezifundisha watoto. Na sasa niwaambie kwa nini mkono wangu ulikataa kuandika lile jibu.

Nikiwa na miaka kama ishirini, nyumbani kwetu tulikuwa na paka dume, mkubwa, mwenye sikio moja lililochanika. Usiku alikuwa anapigana na wenzake juu ya bati. Nilikuwa najiandaa na mtihani. Usiku mmoja nikachoka, asubuhi nikamtia guniani, nikamfunga kamba, nikapanda lori la mahindi, na mbali huko njiani nikalifungua gunia nikamwacha kwenye majani. Alikimbia hatua chache, akasimama, akageuka akaniangalia. Lori likapiga honi, nikapanda. Nilijiambia sijamuua, nimemwachia huru, atakula wadudu wa ardhini. Mnaona nilivyojua kutumia hadithi? Niliichukua ile nusu iliyonifaa.

Nilipofika nyumbani mama yangu, Allah amrehemu, hakunigombeza. Aliuliza tu: “Umempeleka kwa nani?”

Sikuwa na jibu. Paka wa nyumbani aliyekua kwa kupewa, unamshusha porini katika nchi ya fisi na mbweha, katikati ya paka wageni wenye maeneo yao, halafu unasema umemwachia. Umempeleka kwa nani? Mwaka ule panya walikula mbegu zetu za mahindi, tukanunua nyingine kwa deni. Lakini hiyo ni hasara ya mali. Swali la mama ndilo nililokaa nalo. Nimeomba toba, na bado nikimuona paka mwenye sikio lililochanika nageuza uso.

Hayo niliwaambia pale, mbele ya yule bwana na gunia lake. Hakusema kitu. Alinyanyuka akalikunja gunia, akalitia chini ya kiti cha pikipiki, akamwita mwanawe: “Twende kwenye mashine.” Imebaki saa moja na nusu kufuturu na jua linachoma, wakaondoka.

Huku nyuma nikampigia simu afisa mifugo mmoja ninayemfahamu, maana mimi ni mtu wa kitabu, si daktari wa wanyama. Alinieleza mambo ambayo naona kila mwenye paka ayajue. Paka jike akipoteza watoto, siku chache tu anaweza kuingia joto tena, na jike akiwa kwenye joto analia usiku kucha akiita madume. Hali hiyo huchukua kama wiki, na asipopandwa hurudi tena baada ya wiki mbili tatu. Mimba yake ni kama miezi miwili. Kwa hiyo kilio kile kinaweza kuwa njaa, watoto na joto, vyote kwa pamoja. Mara nyingi tunataka sababu moja tuipige fimbo. Akasema pia vitoto visitengwe na mama kabla ya wiki nane hivi, na vitolewe kimoja kimoja, kwa mtu unayemjua. Mama asirudi akute kona tupu.

Kuhusu kumfanyia paka upasuaji asizae, swali hilo naulizwa sana. Wanachuoni wamehitilafiana. Wapo waliokataza kwa wanyama wasioliwa, wapo walioruhusu pakiwa na haja ya kweli na mnyama asidhurike. Mimi nasema, kama paka wamekuzidi, kuuliza kuhusu njia hiyo ni bora mara nyingi kuliko gunia. Njoo tuzungumze, usichukue fatwa kwenye simu.

Afisa alinionya na jambo jingine, nami nalileta kwenu kama amana. Kuna kilio cha ugonjwa. Paka dume akichuchumaa kila mara kama anataka kukojoa na mkojo hautoki, huku analia, huyo anaweza kufa ndani ya siku chache, hapaswi kusubiri Idi. Paka aliyekula panya aliyekufa kwa sumu naye anateseka, kwa hiyo mnaotega sumu ghalani mfikirieni. Msimpe vidonge vyetu vya maumivu, ile paracetamol ya binadamu inamuua paka. Na kubwa kuliko yote, huku kwetu Serengeti tunakujua kichaa cha mbwa. Watafiti walianza kuchanja mbwa katika vijiji vya wilaya hii tangu miaka ya 1990 kwa sababu ugonjwa huu ulikuwa unaua watu wetu. Paka naye huupata. Paka aliyebadilika ghafla, sauti imekuwa nyingine, anatoka mate, anashambulia watu bila sababu, huyo usimsogelee kwa huruma, waite wataalamu. Akimng’ata mtu au kumkwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Usiseme utakwenda baada ya kufuturu. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Siku ya chanjo ya mbwa ikitangazwa kijijini, mpeleke na paka.

Swali jingine la haraka ambalo dada aliniuliza nikiwa pale: paka akinywa kwenye maji ya udhu, nimwage? Hapana. Abu Qatada (R.A.) aliwekewa maji ya kutawadha na Kabsha, mke wa mwanawe. Paka akaja, mzee akamwinamishia chombo anywe. Kabsha akashangaa. Akamweleza kwamba Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Neno hilo la kuzungukia limekuja pia katika Suratun Nuur, aya ya 58, na pale limesemwa kuhusu watumishi na watoto wanaopita pita ndani kwetu. Yaani paka amewekwa kwenye kundi la watu wa nyumbani. Kama mdomoni ana damu au uchafu unaouona, hiyo ni habari nyingine.

Basi. Adhana ya magharibi ilikuwa karibu tuliposikia pikipiki. Bwana amerudi, shati limeloa jasho, kijana nyuma amekumbatia boksi. Ndani kuna kitoto kimoja.

Kati ya wale watatu, mmoja alikufa siku za mwanzo, vijana wa mashine walisema. Wa pili anaye mama anayeuza maandazi pale. Anamlisha dagaa, amenenepa, na yule mama amekataa kumtoa: “Nina panya kuliko nyinyi.” Hatukumlazimisha, amemtunza. Huyu wa tatu alikuwa amejificha chini ya magunia ya pumba, anaokota vinavyoanguka, jicho moja limevimba.

Wakamweka kwenye ile kona. Mama yake alikuwa nje. Aliingia, akanusa, na kwa muda kidogo nilidhani atamkataa, maana alimtolea sauti ya ukali. Siku kumi na mbili si haba, na kitoto kilikuwa kinanuka pumba na oili. Mtoto wa kiume alikuwa ameshika mkono wa baba yake. Kisha paka akakaa chini akaanza kumlamba lile jicho. Adhana ikaingia. Bwana alipokea tende, akaishika mkononi bila kuila, mpaka mkewe akamgusa bega.

Sikuona kama palihitajika mawaidha zaidi. Tukafuturu.

Sasa wewe unayenisoma muda huu umejilaza, unasubiri daku, na labda hata hapo ulipo unamsikia mmoja analia nyuma ya nyumba. Kabla hujatafuta jiwe, inuka uangalie. Sahani yake ina nini? Maji yapo? Mlango umemfungia ndani au nje? Ana kidonda? Kuna mtu humo ndani alisema neno asubuhi moja, naye akalisahau? Na kama umeangalia kote na ni dume tu la jirani linapigana na mwenzake juu ya bati, basi vumilia, sema Alhamdulillah, na kesho umwambie jirani kwa upole. Na waambieni vijana wenu wampishe usingizi baba anayeamkia barabarani, wamtoe paka upande wa pili wa nyumba, wampe chakula chake jioni mapema kabla ya watu kulala. Shibe inatuliza. Hilo nalo ni msaada kwa aliyefunga.

Jana usiku nilimuuliza yule dada hali. Saa tano akaniandikia: “Hajalia, Ustadh. Baba watoto anakoroma.” Nikashukuru, nikalala.

Saa kumi simu ikalia tena. “Amelia. Mara moja tu. Ameona tunakula daku.”

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mgonjwa wa nyumba ile anaendelea vizuri, mumuombee dua. Kesho kutwa inshallah tunarudi kwenye zaka, na darsa ya kina mama ni baada ya adhuhuri kama kawaida.